Chuma cha Jumapili

Kalamba,
17 Januari 1988

Daktari Mwanahamisi,

Salamu nyingi kwako huko Uingereza, na pole kwa baridi tunayosikia iko huko. Mimi ni Kalondu wa Muthama, Mama Kiema. Ulikuja kwangu mwezi wa kumi na moja na kamba yako ya kupimia na saa ya kuning'inia shingoni. Pengine nyumba zilikuwa nyingi na umetusahau. Yetu ni ile uliyoketi juu ya ndoo ukaandikia magotini, na kuku akapanda begi lako.

Nimepata bahasha yenye picha na karatasi za maswali ya mara ya pili. Picha ni nzuri. Kiema amesimama wima, mkono mmoja mlangoni, na chuma cha mguu kinang'aa kama fedha. Nakushukuru, kwa sababu hatukuwa na picha yake nyingine.

Karatasi za maswali nakurudishia bila kuandika kitu. Kiema alifariki tarehe 21 Novemba, siku ya Jumamosi. Zilikuwa zimepita siku kumi na nane tangu uondoke kwetu. Tulimzika nyuma ya boma, karibu na pale alipokuwa akifungia mbuzi. Nilianza kujibu swali la kwanza, "Je, mtoto bado anavaa chuma?", na kalamu ikakataa.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu pale misheni, kwa hiyo unisamehe nilipokosea. Nilitaka ujue, kabla hujamaliza kitabu chako, kwamba huyu mmoja hayupo.

Ni mimi,
Kalondu Muthama


London,
20 Februari 1988

Mama Kiema mpendwa,

Barua yako nimeisomea ngazini, sikuweza kungoja kufika chumbani. Mungu amlaze Kiema mahali pema, nawe na baba yake mpewe nguvu. Sijakusahau. Wala sitamsahau mtoto aliyeniuliza, "Daktari, ukimaliza kupima miguu yetu utapima na ya mbuzi?" Nilicheka mpaka kamba ikanidondoka.

Mimi si daktari, Mama. Ni mtaalamu wa viungo tu, na hapa nasomea digrii ya pili juu ya namna ya kuwasaidia walemavu waishi na kutembea vizuri. Siku ile sidhani nilikueleza sawasawa kazi yenyewe. Nilipima watoto arobaini na mmoja walioachwa na polio, kuanzia kwenu Kalamba mpaka Kikima, ili nijue chuma cha mguu kinadumu muda gani kabla hakijahitaji kutengenezwa. Sasa karakana inayotengeneza vyuma hivyo inawaita watoto kila miezi sita, na nauli hiyo wazazi wengi hawana.

Nakuambia jambo hili nikitumaini litakufariji. Katika kazi yangu Kiema ni namba kumi na nne, na chuma chake kilikuwa kizuri kuliko vyote. Miaka miwili na nusu, na ngozi haikuwa na mkwaruzo! Kwa sababu yake na wengine kama yeye, nimeandika kwamba chuma kimoja kinatosha miaka mitatu bila mtoto kuitwa tena. Karakana imeahidi kufuata nitakachoandika. Mafundi watakuwa na nafasi ya kuwatengenezea watoto wengine wengi. Ujue basi kwamba mwanao ameacha kitu nyuma.

Kama si vibaya kuuliza, aliugua nini? Ukishindwa kujibu nitaelewa.

Wako katika majonzi,
Mwanahamisi Jabiri


Kalamba,
27 Machi 1988

Daktari Mwanahamisi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliiweka chini nikatoka nje.

Chuma cha Kiema hakikuwa na mkwaruzo kwa sababu hakikuvaliwa. Hilo ndilo nilipaswa kukuambia ulipokuwa umeketi juu ya ndoo, na sikusema.

Wewe umelelewa mjini Kitui, duka la babu yako lilikuwa na viatu mlangoni. Kwetu kiatu ni cha kanisani. Mimi nina jozi moja tangu harusi yangu, na bado ni nzima. Chuma kile kilikuja na viatu vyeusi vya ngozi, na hakuna mtoto wa boma hili aliyekuwa amevaa viatu kabla ya hapo. Ningewezaje kumwacha aingie navyo kwa samadi ya mbuzi? Kilikaa sandukuni chini ya kitanda, kimefungwa kwa leso. Jumamosi jioni Kiema alikitoa, akakipaka mafuta ya kupikia, akakisugua mpaka akaona uso wake. Jumapili alivaa. Siku nyingine zote alienda kwa fimbo, mguu mmoja ukiruka na mwingine ukifuata.

Mwaka wa kwanza kilimtosha. Halafu akaanza kurefuka, akafuata upande wa baba yake. Siku moja akaniuliza, "Mama, chuma nacho hukua?" Nilicheka. Nikamwambia, "Kula muthokoi wako, wacha maneno." Mwaka jana nilikuwa nambeba mgongoni mpaka lango la kanisa, hapo ndipo namvisha, akaingia kwa miguu yake watu wakimwona.

Tuliposikia unakuja, kulikuwa na maneno sokoni kwamba asiyetumia chuma atanyang'anywa kipewe mwingine. Nikamvisha asubuhi mapema. Kiatu kilikataa. Nilipaka mafuta kisigino nikasukuma, yeye ameshika nguzo. Nikamwambia, "Usilie mbele ya mgeni. Ukilia watakichukua." Wewe ukaniuliza kama anakivaa kila siku, nikasema ndiyo. Ukamuuliza yeye kama kinaumiza, akasema hapana. Ukamwambia aende mpaka ghalani na kurudi, mara sita, ukishika saa yako. Alikwenda.

Ulipoondoka nilimvua kiatu, na soksi ikagoma kutoka. Niliilowesha kwa maji ya chumvi. Kesho yake akaenda kwa mbuzi bila kiatu, kidonda kimefungwa kwa kitambaa, na mvua ilikuwa imenyesha. Wiki ya pili akasema hawezi kutafuna, taya limekaza. Nilifikiri ni jino. Hospitalini wakasema ni pepopunda. Walijitahidi sana. Tuliochelewa ni sisi.

Baba yake ni fundi wa kuchomelea magari kule Salama, barabarani. Alipokuja kwa mazishi alikipima chuma kwa vidole. Akasema, "Kimepungua inchi mbili. Kalondu, inchi mbili tu! Ningeiongeza kabla chai haijapoa." Lakini tuliambiwa siku ya kukipokea kwamba ni mali ya mradi, mtu asikiguse. Alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi, na kila Jumapili hiyo alikaa benchi moja na chuma hicho.

Mama mkwe wangu hanisemeshi. Alisema neno moja tu: "Ulimleta mgeni akahesabu watoto." Unajua Wakamba hawahesabu watoto, husema kuwahesabu ni kuwaitia kifo. Mimi ni mtu wa kanisa na siamini hayo, lakini nilipoona umeandika "namba kumi na nne" nilikumbuka.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Kaluki, mtoto wa jirani, ulimpima siku hiyo hiyo. Ana miaka minane, anarefuka, na chuma chake kiko sandukuni kama cha mwenzake. Ukisema miaka mitatu, hakuna mtu atakayemwita. Namba kumi na nne si kweli. Tafadhali itengeneze kabla kitabu hakijatoka.

Kalondu Muthama


London,
30 Aprili 1988

Mama Kiema,

Naomba radhi kwa kuchelewa na kwa ufupi wa barua hii.

Nimezungumza na profesa anayenisimamia. Anasema mtoto mmoja kati ya arobaini na mmoja hawezi kugeuza matokeo, na kwamba katika kila kazi ya namna hii huwa kuna mmoja wa kipekee. Kazi imekwisha kupigwa chapa. Tarehe 10 Juni nitasimama mbele ya watahini kuitetea. Nikiirudisha nyuma sasa, ufadhili wangu unaisha mwezi wa saba na sina njia nyingine ya kuishi hapa. Nikishapata digrii nitaandika makala ya pili, na hayo uliyonieleza nitayaweka humo.

Kuhusu siku ile, Mama, sikuona jambo lolote lisilo la kawaida. Kiema alitembea vizuri. Usijilaumu.

Mwanahamisi


Kalamba,
21 Mei 1988

Mwanangu Mwanahamisi,

Umesema ni mtoto mmoja. Nilikaa na neno hilo siku mbili, halafu nikavaa leso nikaenda kuuliza.

Nimefika nyumba tisa kati ya zile ulizopita huku kwetu. Nyingine ni mbali, nililala kwa dada yangu nikaendelea. Sikuuliza kama ulivyouliza wewe. Ukimuuliza mama, "Anakivaa kila siku?" atasema ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu zuri na wewe ni mgeni. Mimi niliingia, nikasalimia, nikanywa uji, halafu nikauliza, "Chuma chenu kinakaa wapi?"

Saba wakaenda kufungua sanduku. Mmoja akaonyesha ukutani, kwa msumari, juu ya kalenda. Ndila wa kwa Ndululu alikitoa kikiwa kimefungwa kwa karatasi mpya. Nikamwambia, "Na daktari ulimwambia nini?" Akasema, "Nilimwambia kila siku. Ulitaka nimwambie nini, mtu ametoka Ulaya na chai yake bado iko motoni?" Tulicheka sana. Halafu akaniuliza Kiema anaendeleaje, alikuwa hajasikia.

Nyumba ya tisa ni ya mtoto anaitwa Musembi. Chake kiko mguuni. Ngozi imekwisha, kisigino kimelika, skrubu ya goti imefungwa kwa waya. Anakwenda nacho shuleni, mtoni, kila mahali. Mama yake anasema ulimkaripia kwamba hakitunzi.

Wewe una digrii na mimi sina. Lakini naona kama ulisifu wale wasiotembea, ukamkaripia anayetembea.

Kaluki ana alama nyekundu juu ya kisigino. Nimeishika kwa kidole changu. Ni pale pale.

Majina yote tisa nimeandika nyuma ya karatasi hii. Akina mama walisema hawataki kuhesabiwa tena, lakini majina wamekubali.

Kalondu


Kitui,
4 Septemba 1988

Mama Kiema,

Muhuri utakuambia kwamba niko nyumbani. Nimeshindwa kukuandikia miezi mitatu, si kwa kukosa nafasi.

Barua yako ilinifikia tarehe 6 Juni, siku nne kabla ya mtihani. Nilipogeuza karatasi nikaona yale majina, yameandikwa kwa kalamu tatu tofauti, nadhani wino ulikuwa unakuishia njiani.

Nilikudanganya, Mama. Nilisema sikuona kitu. Kiema aliporudi kutoka ghalani mara ya nne niliona doa kwenye soksi yake, dogo, kama senti hamsini, lakini niliona. Alikuwa ameuma midomo kwa meno. Kwenye fomu yangu kulikuwa na mahali pa kuandika kama kuna kidonda, ndiyo au hapana. Ningeandika ndiyo, sheria ya kazi ingenitaka nimsimamishe na nimtoe katika hesabu. Nilikuwa nimeshapoteza watoto wanne waliohama, na profesa alitaka wasipungue arobaini na mmoja. Basi nikaangalia saa. Nikamwambia, "Bado mbili tu, shujaa." Naye akaenda mbili.

Nikaandika hapana. Ile fomu ninayo, mwandiko ni wangu.

Tarehe 10 nilisimama mbele ya watu watatu. Niliwaambia hesabu yangu si ya kweli, na kwamba namba kumi na nne alikufa kwa kidonda nilichokiona. Mmoja akaniuliza nimejuaje kuhusu hao wengine. Nikasema mama mmoja wa Kalamba, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliuliza swali ambalo mimi sikujua kuuliza. Akanitaka nilirudie. Aliliandika kwenye karatasi yake: Kinakaa wapi?

Hawakunipa digrii. Wamesema naweza kurudia kazi yote upya nikipata mfadhili. Sina mfadhili. Nimerudi wodini, nanyoosha magoti ya watu walioangushwa na punda. Baba yangu, Mzee Jabiri, huniambia mbele ya wageni, "Huyu tulimpeleka Ulaya miaka miwili akatuletea sanduku la karatasi." Wageni hucheka, nami nawakaribisha chai.

Karakanani nimekwenda. Nimewaonyesha majina yako. Ule mpango wa miaka mitatu hautafuatwa, wataendelea kuwaita kila miezi sita, na mtoto asiyeweza kuja watamfuata. Nimewaambia pia habari za mumeo Muthama. Mkuu wa karakana akasema mzazi anayejua kuchomelea anaweza kuonyeshwa namna ya kurefusha, akiwa radhi. Sijui kama atakuwa radhi. Sijui kama nilikuwa na haki ya kulitaja jina lake.

Lakini nilitaka Kaluki ahudumiwe wa kwanza. Wameahidi kufika Kalamba kabla ya Krismasi. Hadi wafike, tafadhali asivalishwe, hata kanisani.

Sikuombi msamaha, Mama. Nikiomba nitakuwa nakupa kazi nyingine. Nimetaka tu uwe na ukweli wote mkononi, kwa kuwa wewe ulinipa wako kwanza.

Mwanahamisi


Kalamba,
20 Novemba 1988

Mwanangu Mwanahamisi,

Kesho ni mwaka mmoja. Nimeona nikuandikie leo, kesho sijui nitakuwaje.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliisoma peke yangu, halafu nikamsomea Muthama. Alisikiliza mpaka mwisho. Pale pa lile doa alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Kesho yake akarudi Salama na nikafikiri hatakubali.

Fundi wa karakana alikuja Alhamisi moja mwezi uliopita, mzee mmoja anaitwa Nzioka, na kitabu cha michoro chini ya kwapa. Muthama alikuwa amefika tangu Jumatano, amekodi mitungi ya gesi na kuileta kwa mkokoteni wa punda. Hakuniambia kwamba amekubali. Kaluki aliletwa na mama yake. Alikuwa na woga wa ule moto, akauliza, "Mtanichoma?" Muthama akamwambia, "Nikikuchoma wewe, mama yako atanichoma mimi. Kaa pale kwa kivuli."

Kulihitajika vipande viwili vya chuma cha aina ile ile, vya kuunga. Nzioka alisema hana vya kutosha, arudi wiki nyingine. Mimi ndiye niliyeingia ndani. Nilifungua sanduku, nikakitoa cha Kiema ndani ya leso. Bado kilikuwa na mafuta aliyokipaka. Muthama aliniangalia, nikampa.

Nilikuwa nimeweka chai. Nzioka alimwonyesha Muthama pa kukata na pa kuunga, naye Muthama akakata, akaunga, akapiga nyundo kidogo, akatia majini. Walipomaliza nilishika kikombe cha Muthama kikiwa bado na moto. Hakukinywa. Alikiacha hapo hapo, akaenda nyuma ya boma akakaa mpaka jua likaanguka. Sikumfuata.

Kwa hiyo chuma hukua, akipatikana mtu wa kukikuza. Ningekuwa na jibu hilo siku aliyoniuliza.

Wameongeza na viatu vikubwa. Ile alama nyekundu ya Kaluki haikufunguka kuwa kidonda. Sasa anavaa kila siku, anaingia nacho kwa matope na samadi, viatu vimeshaharibika kabisa. Nikimwona moyo unaniuma, maana vile vya Kiema ninavyo hapa, vyeusi, na hata kamba zake ni nzima. Hivyo sikuvitoa. Muthama anakwenda Jumamosi kwa Ndila, halafu kwa wengine mmoja mmoja. Anasema hataki wapangwe kwa namba, waletwe kwa majina.

Umesema huniombi msamaha. Ni vizuri, kwa sababu sijui ningeutoa wapi. Mimi nilimwambia asilie. Wewe ukamwambia bado mbili. Alitutii sote wawili. Wakati mwingine nawaza kama angekuwa mkaidi kama watoto wengine, angekaa chini na kupiga kelele, angekuwa hapa. Nilimfundisha vizuri mno. Hilo haliniachi, na naona wewe pia halitakuacha. Basi tutakuwa wawili.

Mama mkwe ameanza kunisemesha. Juzi aliniomba chumvi. Sokoni bado wananiita Mama Kiema, na mimi naitika.

Naamini siku moja utapata mtu wa kukurudisha shuleni, na utaandika upya. Najua kule hawataki majina, utaweka namba tena. Siwezi kukuzuia. Lakini ukifika kumi na nne, weka kalamu chini kidogo. Alikuwa na miaka tisa na miezi kumi. Mbuzi wake mweupe alimwita Bwana Posta kwa sababu alikula karatasi. Alitaka kujua kama utapima na miguu ya mbuzi, na nadhani hakuwa anatania, alidhani unaweza.

Mkumbuke.

Mama Kiema